Kuanza Uwindaji wa Aligeta Florida: Mwongozo Kamili kwa Asiyewahi Kuushika Mshipi

Uwindaji wa aligeta, mnyama wa jamii ya mamba anayeishi kusini mwa Marekani, ni kazi ya kamba kabla ya kuwa kazi ya silaha. Anayeanza huuliza kwanza kuhusu bunduki, ilhali katika uwindaji wa umma wa jimbo la Florida bunduki ya kawaida hairuhusiwi. Hata katika majimbo inaporuhusiwa, aligeta anayepigwa risasi kabla ya kunaswa huzama palepale na kupotea, akiwa amekufa bure au akiwa na jeraha litakalomtesa kwa siku nyingi. Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya kanuni moja ambayo msomaji ataikuta katika kila hatua: mnyama anafikiwa kwa utulivu, ananaswa, anadhibitiwa kwa kamba, na ndipo anauawa kwa pigo moja la karibu.

Nimechagua Florida kwa sababu ni jimbo ambalo mtu wa kawaida asiyemiliki ardhi anaweza kuomba kibali, kushinda droo na kuwinda katika maziwa ya umma kwa boti yake au ya rafiki. Majimbo mengine nitayagusa baadaye kwa kifupi. Waswahili wanaoishi kusini mwa Marekani, hasa waliokulia kandokando ya Rufiji, Tana au Ruzizi, huja na heshima kubwa kwa mamba, na heshima hiyo ni mtaji. Hata hivyo aligeta si mamba wa mto Nile: ni mpole zaidi kwa binadamu, hukua polepole, na sheria zinazomhusu ni nyingi na kali.

Kwanza ujue kwa nini uwindaji huu unaruhusiwa

Aligeta wa Amerika, anayeitwa kitaalamu Alligator mississippiensis, aliwindwa kwa ajili ya ngozi bila mpaka wowote wa maana hadi katikati ya karne ya 20. Louisiana ilifunga uwindaji mwaka 1962, na mwaka 1967 serikali ya shirikisho ikamweka katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Ulinzi huo ulizaa matunda: Louisiana ilifungua tena msimu mdogo mwaka 1972 katika eneo la Cameron, na mwaka 1987 aligeta akatangazwa kuwa amepona kabisa. Florida ilianzisha uwindaji wake wa umma mwaka 1988, na leo jimbo hilo linakadiriwa kuwa na aligeta wapatao milioni 1.3.

Historia hiyo ina athari ya moja kwa moja kwa mwindaji. Sheria ya shirikisho bado inamhesabu aligeta kuwa mnyama anayehitaji uangalizi kwa sababu anafanana na mamba wa Amerika, ambaye ni adimu, analindwa, na anaishi kusini mwa Florida hiyohiyo. Kila ngozi ya aligeta lazima ibebe lebo yenye namba chini ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Mwindaji anayeona lebo hizo kuwa usumbufu hajaelewa kwamba ndizo zilizoufanya uwindaji huu urudi.

Kuwatofautisha wanyama hao wawili ni somo la kwanza la lazima. Aligeta ana pua pana iliyoviringa kwa mbele, rangi yake inaelekea weusi, na akifunga mdomo meno yake ya chini hayaonekani. Mamba wa Amerika ana pua nyembamba, rangi ya kijivu chenye ukijani, na jino la nne la taya ya chini hubaki wazi hata mdomo ukiwa umefungwa. Anayewinda karibu na maji ya chumvi ya kusini asitupe ndoana mpaka awe ameuona uso wa mnyama vizuri.

Msimu wa kwanza uwe msaidizi

Huu ndio ushauri ninaoupa uzito kuliko yote. Sheria ya Florida inamruhusu mwenye kibali kuandamana na wasaidizi, na kila msaidizi anayeshiriki katika kunasa au kuua mnyama hukata leseni yake ya usaidizi, ambayo katika misimu ya karibuni imekuwa ikigharimu dola 52. Kwa fedha hizo mtu anakaa ndani ya boti pamoja na wazoefu, anajifunza kuyasoma maji usiku, anashika kamba yenye mnyama hai upande wa pili, na anagundua kama kweli anaipenda kazi hii kabla ya kutumia fedha nyingi kwa kibali na vifaa. Mwenye kibali lazima awepo wakati wote, kwa hiyo msaidizi hawezi kutumwa peke yake.

Wapo pia waongozaji wa kulipwa. Ukimtafuta mmoja, usimuulize kwanza juu ya ukubwa wa aligeta waliowahi kupatikana katika boti yake, bali muulize anavyomfikia mnyama, anavyomdhibiti, na anavyohakikisha kwamba amekufa. Mwongozaji mzuri hujibu maswali hayo kwa urefu na bila haraka. Anayejibu kwa picha za simu tu, muache.

Kabla ya hatua yoyote yenye silaha, mhamiaji aiangalie hadhi yake ya kisheria. Sheria ya shirikisho inamzuia mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, kumiliki au kushika bunduki na risasi, isipokuwa awe na msamaha unaotambuliwa, na leseni halali ya uwindaji ni mmojawapo. Mwenye ukazi wa kudumu hazuiwi na kifungu hicho. Kwa kuwa kosa la silaha linaweza kuvuruga maombi ya uhamiaji ya familia nzima, mwenye viza ya muda amuulize wakili kwanza, na akiwa ndani ya boti aache fimbo ya risasi, yaani chuma kirefu kinacholipua risasi kikikandamizwa dhidi ya mnyama, ishikwe na mwenzake.

Kuomba kibali

Uwindaji wa Florida unasimamiwa na Tume ya Uhifadhi wa Samaki na Wanyamapori ya jimbo, inayojulikana kwa kifupi FWC. Msimu huanza tarehe 15 Agosti na kumalizika tarehe 1 Novemba. Mwombaji awe ametimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Agosti. Maombi hufanyika mtandaoni kwa awamu: ya kwanza hufunguliwa mwezi Mei, na zinazofuata hugawa vibali vilivyobaki. Waombaji ni wengi kuliko vibali, kwa hiyo kukosa mwaka wa kwanza ni jambo la kawaida kabisa.

Kila kibali huja na lebo mbili, maana yake aligeta wawili. Mkazi wa Florida amekuwa akilipa dola 272, na asiye mkazi dola 1,022. Ada na masharti hubadilika, hivyo kijitabu cha kanuni cha mwaka husika kisomwe neno kwa neno.

Mwombaji huchagua eneo na wiki, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huchagua ziwa kwa umaarufu wake. Lake Okeechobee, Lake George, Orange Lake na Lake Jesup ni majina makubwa, lakini ziwa kubwa lina mawimbi, lina umbali mrefu wa kurudi gatini usiku wa manane, na hudai boti imara. Ni afadhali kuomba eneo dogo lililo karibu na nyumbani, ambalo unaweza kulitembelea mara nyingi kabla ya msimu. Kibali cha wilaya, tofauti na kile cha ziwa maalumu, kinakuachia mito na mabwawa mengi ya umma ndani ya wilaya hiyo, ila hakikuruhusu kuingia katika maeneo yenye kibali chake, wala katika ardhi ya mtu binafsi bila ridhaa yake.

Wiki nne za kwanza za msimu hugawanywa kwa zamu ili boti zisisongamane. Asiyepata mnyama katika wiki yake anaruhusiwa kurudi katika kipindi kinachofuata hadi mwisho wa msimu. Wiki ya kwanza inapendwa kwa sababu aligeta bado hawajasumbuliwa, lakini zinazofuata zina joto lilelile na msongamano hupungua. Kuanzia Oktoba, baridi ya kwanza ikishuka, aligeta hupunguza kula na kutembea, na kazi huwa ngumu.

Vifaa, na hasa kamba

Njia zinazoruhusiwa Florida ni pamoja na ndoana kubwa ya kunyakua inayotupwa kwa ufito wa kuvulia, chusa, upinde na mishale, upinde wenye kitako kama cha bunduki, na kitanzi cha mkononi. Ndoana yenye chambo hairuhusiwi. Kinachoruhusiwa kwa wanaotaka kutumia chambo ni kijiti cha mbao kisichofika inchi 2, kilichofungwa kwenye kamba ya mkononi, ambacho mnyama humeza pamoja na nyama.

Kwa anayeanza napendekeza mchanganyiko wa ndoana ya kunyakua na chusa. Ufito uwe mzito, wa aina inayotumika kwa samaki wakubwa wa baharini, na rili yake ibebe uzi wa kusukwa wenye uwezo wa ratili 80 au zaidi. Ndoana iwe ya mikono mitatu, kubwa na nzito ili iruke mbali. Kazi yake si kumshikilia mnyama hadi mwisho bali kumgusa, kukwama katika ngozi, na kukuambia alipo chini ya maji. Kazi ya kumshikilia ni ya chusa. Kichwa cha chusa hujichomoa kutoka kwenye mpini kikishapenya, na hubaki kimeunganishwa na waya wa chuma, kisha kamba nene, kisha boya. Mnyama akiwa na chusa mwilini na boya juu ya maji, hata uzi wa ndoana ukikatika humpotezi.

Kamba hiyo iwe laini, nene ya kutosha kushikika kwa kiganja, na ndefu kuliko kina cha maji unayowinda. Ikague yote kabla ya kila safari. Ipange ndani ya ndoo au kikapu ili ikimbie bila kukwama, na usiiache ikizagaa sakafuni ambako mguu wa mtu unaweza kuingia katika duara lake. Wala usiizungushe mkononi hata mara moja, kwa kuwa aligeta aliyenaswa hujiviringisha mwili mzima kwa nguvu na kwa ghafla, na kamba iliyozunguka kiganja haimpi mtu nafasi ya kuachia.

Fimbo ya risasi ni chuma kirefu chenye chemba ya risasi kwenye ncha, na hulipuka inapokandamizwa dhidi ya mwili wa mnyama. Inaruhusiwa tu kwa aligeta aliyekwisha kufungwa kwa kamba. Risasi itiwe dakika ile ya matumizi na si kabla, na fimbo yenyewe iwekwe mahali pamoja panapojulikana na kila mtu aliyemo botini.

Boti ya aluminiamu yenye tako bapa, ya futi 14 hadi 17, inatosha watu watatu katika maji yaliyotulia. Kila mmoja avae jaketi okozi safari nzima. Wengine huona jambo hili kuwa la kitoto, nami nawaomba wafikiri upya, kwa kuwa boti ndogo, maji ya usiku, kamba nyingi na watu waliosimama ni mazingira ya kuzama hata pasipo mnyama yeyote. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1988 au baada yake anahitaji kitambulisho cha mafunzo ya usalama majini ili aendeshe boti yenye injini ya nguvu farasi 10 au zaidi katika Florida. Ongeza taa za boti zinazodaiwa na sheria, kurunzi kali, taa ya kichwani kwa kila mtu, tepu nyeusi ya umeme, kisu kikali, glavu, maji ya kunywa, dawa ya mbu, na barafu nyingi kuliko unavyodhani utahitaji.

Kulizoea ziwa kabla ya msimu

Nenda mchana kwanza. Angalia gati la kushushia boti, kina cha maji, visiki, na njia zilizo wazi kati ya magugu. Tafuta sehemu za ukingo ambako udongo umesuguliwa kwa tumbo la mnyama anayepanda na kushuka. Kumbuka kwamba Agosti ni wakati mayai yanapoanguliwa, na jike aliye karibu na kiota chake hulinda eneo lake; mkwepe na uwaache watoto wake.

Kisha rudi usiku. Jicho la aligeta hurudisha mwanga wa kurunzi kwa rangi nyekundu kama kaa la moto, na kwa kuzungusha mwanga taratibu juu ya maji utaweza kuhesabu macho na kujua mahali wanapokusanyika. Usiwakaribie wala kuwalisha. Kulisha aligeta ni kosa kisheria katika Florida, na ni kosa lenye madhara, kwa kuwa mnyama aliyezoea kupewa chakula huacha kumwogopa binadamu.

Jifunze pia kukadiria ukubwa. Kipimo kinachotumiwa na wawindaji wote ni umbali kati ya tundu za pua na macho: kila inchi moja ya umbali huo huwakilisha takriban futi moja ya urefu wa mwili. Aligeta mwenye inchi 8 kati ya pua na macho ana futi 8 hivi, yaani karibu mita 2.4. Jike ni nadra kuzidi futi 10, kwa hiyo mnyama mkubwa kuliko hapo ni dume. Kiwango cha chini kinachoruhusiwa Florida ni inchi 18, lakini hakuna sababu ya maana ya kumwinda mnyama mdogo hivyo.

Wengi huota jitu. Rekodi ya urefu Florida ni futi 14 na inchi 3 na nusu, kutoka Lake Washington, na rekodi ya uzito ni ratili 1,043 kutoka Orange Lake, mwaka 1989. Hizo ni ndoto za mtu mwenye uzoefu na boti kubwa. Kwa mara ya kwanza lenga mnyama wa futi 6 hadi 8: anadhibitika kwa watu watatu, anaingia ndani ya boti ndogo, na nyama yake ni laini. Aligeta wa futi 10 anaweza kuzidi kilo 100, na uzito huo ukisogea upande mmoja wa boti nyembamba, boti inalala.

Usiku wa kuwinda

Gawa majukumu mkiwa bado nchi kavu. Mmoja anaendesha boti na kushika kurunzi, wa pili anashika ufito, wa tatu anashika chusa. Anayeendesha ndiye anayetoa amri, na neno lake halibishaniwi mpaka mnyama amekufa na mdomo wake umefungwa. Angalieni pia anga, kwa kuwa mvua za radi za alasiri katika Florida mwezi Agosti huwa nyingi, na dhoruba iliyo mbali ni sababu tosha ya kuchelewa kuondoka. Pombe iachwe nyumbani.

Upepo mdogo na usiku usio na mbalamwezi kubwa hurahisisha kazi. Mkishaona jicho, pimeni ukubwa kwa mbali kadiri iwezekanavyo, kisha punguzeni mwanga, kwa sababu kurunzi kali ikimwangaza moja kwa moja muda mrefu humfanya azame. Sogeeni kwa injini ndogo ya umeme au kwa kasia, bila kugonga boti wala kusemezana kwa sauti. Mara nyingi aligeta atazama kabla hamjafika, na huo sio mwisho. Kumbukeni alipozama, tazameni mapovu yanayopanda kwa mstari kuonyesha anakoelekea, na subirini. Anaweza kukaa chini muda mrefu, hata zaidi ya saa nzima akitulia, kwa hiyo subira hapa ni sehemu ya ujuzi wenyewe.

Mwenye ufito hutupa ndoana ng'ambo ya mnyama au ya mahali alipozama, kisha huivuta taratibu hadi ahisi uzito laini usio wa kisiki. Hapo huvuta kwa nguvu mara moja ili ndoana ikwame. Kinachofuata ni mbio: mnyama huikokota boti, na ni vyema kumwacha aikokote, kwa kuwa kila mita anayovuta inamchosha yeye na si ninyi. Msilazimishe. Uzi ubaki umenyooka, boti ifuate, na anayeshika chusa asimame mbele akiwa na kamba yake ndani ya ndoo, tayari.

Mnyama anapopanda juu na kuwa karibu na ubavu wa boti, chusa huingizwa katika shingo, ubavu au chini ya mkia, mahali penye nyama, na kamwe si kichwani ambako mfupa huikataa. Baada ya chusa kushika, vutaneni naye tena mpaka nguvu zake zipungue. Ni kosa kubwa kumvuta juu akiwa bado ana nguvu. Taya za aligeta mkubwa zimepimwa zikiuma kwa nguvu inayozidi newtoni 9,000, na mnyama aliyeletwa mapema kando ya boti huuma chochote kilicho mbele yake, iwe ukingo wa boti, kasia au mkono.

Sasa, na si kabla, fimbo ya risasi hutiwa risasi. Shabaha ni katikati, mahali laini mara nyuma ya bamba la fuvu, fimbo ikielekezwa mbele kidogo kuelekea ubongo, ambao ni mdogo na uko nyuma ya macho. Hakikisha hakuna mtu upande wa pili, ncha iwe imezamishwa chini ya uso wa maji, kisha sukuma kwa uthabiti. Asiyekuwa na uhakika wa mahali hapo asikisie: amwache mnyama achoke zaidi hadi kichwa kitulie. Pigo moja sahihi ndilo deni tunalodaiwa na mnyama huyu.

Kisha chukulia kwamba bado yu hai. Aligeta anayeonekana amekufa amewahi kuzinduka ndani ya boti nyingi, na hata aliyekufa kweli husogea kwa misuli yake muda mrefu. Akiwa bado nje ya boti, kamba ikiwa imekaza, mdomo wake ufungwe kwa mizunguko kadhaa ya tepu ya umeme. Misuli ya kufungua taya ni dhaifu mno ikilinganishwa na ya kufunga, na ndiyo maana tepu inatosha. Baada ya hapo kata uti wa mgongo nyuma ya fuvu kwa kisu, na uharibu ubongo kwa kupitisha chuma chembamba katika mfereji wa uti kuelekea mbele. Ndipo mnyama avutwe ndani.

Lebo na taarifa

Lebo ya CITES hufungwa mara tu baada ya mnyama kuuawa, ndani ya inchi 6 kutoka ncha ya mkia, kwa kutoboa tundu dogo na kuibana hadi ijifunge. Haifunguliwi tena. Taarifa ya mnyama aliyepatikana huwasilishwa kwa FWC ndani ya saa 24, ikiwa na urefu, jinsia, mahali na tarehe, na lebo zisizotumika hurejeshwa baada ya msimu.

Ngozi na nyama

Joto la Florida halisubiri, kwa hiyo barafu iwekwe juu ya mnyama papo hapo, hasa tumboni na kwapani. Kama unakusudia kumpeleka kwenye kiwanda chenye kibali cha kuchakata aligeta, mpigie simu mwenye kiwanda kabla ya safari ili ujue kama yupo usiku huo. Nyama ya kuuza lazima ipitie kiwanda cha aina hiyo. Ya kula nyumbani unaweza kuitayarisha mwenyewe.

Amua mapema namna ngozi itakavyochunwa, kwa kuwa ngozi ya tumbo na ngozi yenye magamba ya mgongo hupasuliwa tofauti. Mafuta na nyama yote yakwanguliwe, kisha chumvi safi na laini ipakwe kwa wingi kila mahali hadi kwenye mikunjo, ngozi ikunjwe na kuhifadhiwa mahali pa baridi.

Nyama bora iko mkiani, na nyingine nzuri hutoka mashavuni, mbavuni na miguuni. Kata mafuta yote meupe, kwa sababu ndiyo yanayobeba harufu ya matope. Kata vipande vidogo kwa kukatiza nyuzi za nyama, viloweke katika ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, kisha kaanga au pika kwa tui zito la nazi. Iive hadi ndani ifikie nyuzi 74 za selsiasi, na mbao na visu vioshwe kwa uangalifu, kwa kuwa reptilia hubeba salmonela. Aligeta wa eneo la Everglades wamepatikana na zebaki nyingi mwilini, kwa hiyo anayewinda huko asome ushauri wa afya wa jimbo kabla ya kuwalisha watoto na wajawazito.

Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, nyama ya mamba haihesabiwi kuwa halali, ilhali Maliki wameiruhusu. Afanyaye uwindaji huu na awe na swali hilo amuulize sheikh wake kabla ya kuomba kibali, ili asije akaua mnyama ambaye nyama yake haina mlaji.

Ukiishi jimbo jingine

Louisiana ina utaratibu tofauti kabisa. Lebo nyingi hutolewa kwa wenye ardhi yenye vinamasi, na mwindaji mgeni hupata nafasi kupitia kwao au kupitia mwongozaji. Msimu wa kanda ya mashariki huanza Jumatano ya mwisho ya Agosti, na wa kanda ya magharibi Jumatano ya kwanza ya Septemba. Huko ndoana yenye chambo inaruhusiwa: hutegwa juu ya maji kwa kamba iliyofungwa kwenye mti au nguzo imara, na mnyama aliyenaswa hupigwa risasi mchana. Mississippi inataka mnyama adhibitiwe kwa kamba kabla ya kupigwa, kama Florida. Georgia na South Carolina hutoa vibali kwa droo na haziruhusu aligeta aliye chini ya futi 4. Anayeishi Houston aangalie kanuni za Texas, ambazo hutofautiana kati ya wilaya 22 zenye aligeta wengi, ambako msimu ni tarehe 10 hadi 30 Septemba, na wilaya nyingine zote.

Kuvusha mnyama aliyepatikana kinyume cha sheria kutoka jimbo moja hadi jingine ni kosa la shirikisho, kwa hiyo kibali, leseni na nakala ya taarifa visafiri pamoja na nyama na ngozi. Na anayetaka kupeleka fuvu, ngozi au mkanda aliotengenezewa kwa jamaa Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, awasiliane kwanza na idara ya shirikisho ya samaki na wanyamapori kuhusu kibali cha CITES cha kusafirisha nje, kisha aulize upande wa nchi inayopokea, kwa kuwa forodha ina haki ya kuzuia kitu hicho hata kama lebo yake ingali imefungwa.